Barua ya Wazi kwa Idara Iliyoistaafisha Stopa Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Vipuri, Makao Makuu,
Japani.

YAH: PONGEZI KWA KUSITISHA STOPA YA MLANGO WA KULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na milango ya ofisi yako inasimama pale unapoiacha. Sisi huku Dar es Salaam hatujambo, isipokuwa mlango mmoja wa gari lenu la michezo la miaka ya 1990, ambalo lilishuka bandarini likiwa mtumba kama ndugu zake wengi wa mji huu. Injini ni nzima. Gia zinaingia bila kubembelezwa. Aliyetangulia mbele ya haki ni stopa: kile kichuma kinachotoka kwenye nguzo ya bodi na kuzama ubavuni mwa mlango, ili ukiufungua utulie badala ya kwenda unakotaka wenyewe.

Niliulizia mpya. Nikajibiwa kwa adabu kubwa, kwa niaba yenu, kwamba kipuri hicho hakitengenezwi tena. Nimeona kukaa kimya ni utovu wa shukrani.

Kwanza nawapongeza kwa hekima ya kupanga vipaumbele. Enzi hizo watengenezaji wa Japani mlikuwa mmekubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba gari la kuuzwa nyumbani lisitangazwe kuwa na nguvu inayozidi farasi 280, na mkaendelea hivyo hadi 2004. Mkaongeza na kufuli la kasi: mwisho kilomita 180 kwa saa. Mheshimiwa, mimi naishi kwenye jiji la vibao vya 50, na ukikutana na foleni ya jioni, hata hiyo 50 ni ya kusimuliwa. Vikomo vyenu hivyo viwili bado vipya kabisa, havijaguswa tangu viondoke kiwandani. Kikomo cha tatu, cha mlangoni, ambacho nakitumia kila nikishuka kununua vocha, ndicho mlichokipa vigurudumu viwili vya plastiki na kukiombea dua.

Nasema viwili kwa sababu tumeviona. Mtaniwia radhi kwa kuingia chumbani mwenu bila hodi. Fundi wangu wa mtaa wa Gerezani alipandisha kioo hadi juu, akachomoa waya wa betri, akabandua ngozi ya ndani ya mlango klipu baada ya klipu, kisha akaanza kuivua ile nailoni ya kuzuia maji, taratibu, ile gundi nyeusi ikivutika, bila kuichana hata kidogo. Mafundi wengi huichana, halafu mvua za masika zikija mwenye gari anashangaa zulia limelowa. Akatoa spika. Akafungua bolti ya kwenye nguzo na mbili za kwenye mlango, akaingiza mkono kwenye tundu la spika, akatoka na kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani.

Ndani yake, kama mnavyojua (au kama alivyojua yule mhandisi wenu ambaye bila shaka amekwisha kustaafu), kuna mkono wa chuma wenye mabonde mawili. Vigurudumu viwili vinaubana juu na chini kwa nguvu ya springi. Mlango ukifunguka, vigurudumu vinapanda kilima na kutumbukia bondeni. Hapo mlango husimama. Vyetu vilikuwa vimeliwa upande mmoja, kimoja kimepasuka, na grisi imeganda kama ukoko wa ugali.

Sasa naomba tufanye hesabu kidogo, maana nyinyi ni watu wa hesabu. Gari la milango miwili lina mlango mrefu, kwani abiria wa nyuma naye lazima apite hapohapo. Tuseme mita 1.2 toka bawaba hadi ukingoni. Stopa iko kama sentimita 6 tu kutoka bawaba. Upepo ukiusukuma ukingo wa mlango kwa nguvu ya kilo 10, kile kichuma kinapokea kilo 200. Kikishindwa kuzipokea, zinahamia kwenye bati: matundu ya bolti yanapanuka, kisha bati linapasuka mstari mwembamba ambao mwenye gari anauona rangi ikishaanza kubanduka. Wangu ulifikia hapo. Ilibidi fundi bodi achomelee kiraka kwa ndani kabla ya mambo mengine yote.

Na upepo tunao, Mheshimiwa. Julai kusi likivuma, ukaegesha ufukweni Coco huku mgongo wa gari ukiwa upande wa bahari, mlango unanyang'anywa mkononi. Ukingo wake wa mbele unaila fenda, na ukingo wa nyuma unakwenda kumsalimia jirani. Kwa hili la usawa niwasifu: mlango wenu haubagui. Umembishia hodi mwenye bajaji na umeibishia V8 ya serikali kwa heshima ileile. Dereva wa V8 ndiye hakuipokea kwa moyo uleule.

Nimewatafutia sababu za kuwatetea. Gari ni la zamani, wanunuzi wamepungua, na kalibu haziwezi kukaa kiwandani milele. Ningeyakubali yote kama nisingeona mnavyouza, kwa jina la gari hilohilo, kikombe, kishikio cha funguo, fulana, na kigari kidogo cha kupamba meza. Kigari hicho nimekishika. Milango yake inafunguka, na ukiiachia, inasimama.

Basi mnajua kutengeneza stopa. Mmeamua tu ukubwa wa gari litakaloipata.

Wapo wenzenu waliovuruga utaratibu huu mzuri. Mazda mwaka 2017 walitangaza huduma ya kukarabati Roadster ya kizazi cha kwanza, na baadhi ya vipuri vyake vilivyokwisha kusitishwa vikarudi kutengenezwa. Toyota mwaka 2020 wakaanza kurudisha vipuri vya Supra za zamani, A70 na A80, kisha wakaifikia hata 2000GT, gari la miaka ya 1960. Tabia mbaya kabisa. Mteja akizoea kupata kipuri, kesho atataka na heshima.

Turudi Gerezani. Nilimwambia fundi atuchongee vigurudumu vya shaba tumalizane na jambo hili maisha yote. Akakataa. Akasema shaba ikisuguana na ule mkono, huenda mkono ndio utakaoliwa, na mkono hatuna mwingine. Afadhali kiliwe kigurudumu, ambacho kinachongwa upya mchana mmoja. Akachukua kipande cha nailoni ngumu, akakipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kuchongea, wakapima kile kigurudumu kilichobaki kizima kidogo, wakatoa viwili vipya. Hapo nikawapa haki yenu: plastiki haikuwa kosa. Kosa ni kwamba kisanduku mlikifunga kwa ribiti, mtu asiweze kukifungua bila kukitoboa, na kigurudumu ambacho kimewekwa kwa makusudi kiliwe hamkuwahi kukiuza peke yake. Ukikitaka, ununue stopa nzima. Na stopa nzima mmeifuta.

Ribiti zile fundi alizikata. Badala yake aliweka bolti ndogo na nati. Siku nyingine kisanduku kitafunguliwa kwa spana, kitasafishwa kwa mafuta ya taa, kitapakwa grisi mpya, na kitarudi kazini. Mlango wa kulia sasa unasimama vituo viwili, kama mlivyouchora.

Kwa hiyo sikuandikii kuomba stopa, Mheshimiwa. Naomba kimoja kati ya vitu viwili vyepesi kuliko kikombe. Ama muuze vigurudumu na springi peke yake, ama kama hilo ni zito, toeni vipimo: kipenyo na upana wa kigurudumu, urefu wa springi na ugumu wake. Karatasi moja inatosha. Mashine za kuchongea Gerezani zipo, nailoni ipo, na mafundi hawajastaafu. Kigurudumu tulichokipima sisi kilikuwa tayari kimeliwa, kwa hiyo tumekisia, na kwa kukisia tumeupata mlango mmoja.

Tafadhali mjibu kabla ya Julai. Mlango wa kushoto umeanza kugonga.

Wako katika ujenzi wa milango,

Mwenye gari, Dar es Salaam.

Nakala:
Fundi, Gerezani: kwa taarifa, na asitupe kile kipande cha nailoni.
Dereva wa V8: kwa kuomba radhi.