Jinsi ya Kuwa Nyenje wa Miaka 17

Kazi ya unyenje haina mtihani wala usaili. Mwongozo huu ni wa wale wa mashariki mwa Marekani, wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 17. Wenye haraka zao wana ndugu wa miaka 13.

1. Zaliwa, kisha anguka. Mama yako atachana tawi changa kwa ncha ya tumbo lake na kutaga humo. Wiki sita au saba baadaye utaanguliwa, utadondoka chini na kuanza kuchimba. Mama ameshakufa, usimtafute.

2. Nyonya mzizi na uhesabu. Chakula ni utomvu mwembamba, karibu maji matupu, kwa hiyo unene usahau. Miaka unaihesabia kwenye mti: majani yakichipua, utomvu hubadilika. Watafiti waliwahi kuifanya mipichi ichipue mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na nyenje waliokuwa mizizini wakatoka mwaka mmoja mapema. Ukikosea tarehe, mlaumu mwenye nyumba.

3. Fika kwa wakati. Hii si harusi ya kuandikiwa saa nane watu wakaingia saa kumi na moja. Udongo ukifikia nyuzijoto 18 hivi, jioni, tokeni wote. Eka moja yaweza kutoa zaidi ya milioni. Ndege, kindi na mbwa watakula mpaka washindwe, na waliobaki ndio watakaooa. Anayejitokeza peke yake kabla ya wenzake ni kitafunwa. Umoja ni nguvu, ilimradi wa kuliwa awe mwingine.

4. Vua ngozi, upige kelele. Panda shina, pasuka mgongoni, toka mweupe pee, macho mekundu. Mpaka asubuhi utakuwa umeshakuwa mweusi na mgumu. Kama ni dume, tikisa vigamba vya ubavuni; tumbo lako tupu litavumisha sauti, na kwaya nzima yaweza kufika karibu desibeli 100. Jike akikukubali atapiga bawa mara moja tu: tak! Usipoisikia, umeimbia majani.

5. Ukipata kuvu, huna habari. Kuvu iitwayo Massospora hukula nyuma yako mpaka matako yadondoke, pakabaki unga mweupe. Lakini ndani yake imo kathinoni, kemikali ileile ya miraa, kwa hiyo utaendelea kutongoza kama kawaida. Dume aliyeambukizwa hata huiga tak ya jike, madume wenzake wakamjia na kuondoka na ugonjwa.

6. Kufa. Juani utadumu wiki nne hadi sita. Kiinua mgongo hakipo.

Wanaotaka kujiunga na Kundi la Kumi la nyenje hawa, lile kubwa, wajue kwamba litatoka tena mwaka 2038. Maombi yalifungwa 2021.