Mama Kachero na Laini Zisizo Zetu

Ndugu msomaji, kama mwenzi wako amekulia kwenye riwaya za ujasusi, basi wewe na mimi ni wa chama kimoja. Mke wangu, Mama Kachero, alirithi kwa marehemu baba yake katoni nzima ya vitabu: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, majalada yamechanika na kurasa zinashikiliwa kwa gundi. Husoma usiku taa ikiwaka, mimi nikijifunika shuka usoni. Nikilalamika, naambiwa kwamba Kufa na Kupona cha Musiba kilipotoka mwaka 1974, mambo ya majasusi hayakuwa ndoto ya mtu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam tangu 1963, na Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa katika mji huu Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Sasa mtu atabishana na nini hapo? Ndiyo maana hata mzigo wa maharage ukitoka kijijini kwa basi haufunguliwi mpaka aliyeutuma apigiwe simu.

Na nyumba yenyewe inaendeshwa kikachero. Kopo la sukari lina mstari wa kalamu ubavuni. Kitinda mimba wetu, ambaye jina la Kachero limemganda mpaka shuleni, huripoti kwa mama yake nani kafungua friji na kwa muda gani. Yupo pia mama mkwe wangu, Bi Redio, ambaye habari hailali tumboni mwake, na Shemeji Wakili, aliyepata cheo hicho baada ya kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi. Hao ndio watu wangu, nawapenda, na sina kura inayohesabika mbele yao.

Basi jioni moja, ugali uko mezani, mwenyekiti wa mtaa akapiga hodi. Nyuma yake wamesimama vijana wawili, mashati yamechomekewa, wanasalimia kwa adabu isiyo ya kawaida. Wakamwulizia Mama Kachero kwa majina yake matatu. Majina yote matatu! Wakasema kuna mzee mmoja huko mkoani alitumiwa ujumbe wa simu, ule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Alikuwa anadaiwa ada ya mjukuu, akadhani ni mwalimu. Alipokuwa anatuma, jina likatokea, na jina lile lilikuwa la mke wangu.

Mjumbe wa kwanza kutoka nje alikuwa Bi Redio. Kabla sijavaa viatu, mtaa mzima ulishajua. Akarudi na kanga mbili na mswaki mpya, akamfungia mwanawe mzigo wa mahabusu huku analia. Shemeji Wakili akatutaka tusiseme neno lolote, kisha akaanza kueleza yeye, kuanzia kesi ya mbuzi. Kachero akauliza mama akifungwa rimoti itakuwa ya nani. Nikawaomba watulie, na kama ujuavyo, baba akiomba utulivu nyumbani ndiyo kelele huongezeka.

Mama Kachero peke yake alikuwa shwari. Akanawa mikono, akachukua daftari lake la matumizi, akasema, “Baba Kachero, twende.”

Kwenye kituo cha polisi tulikutana na afisa mmoja mtaratibu. Akamwambia apige *106#, aingize namba ya kitambulisho cha taifa. Tarakimu zote 20 anazo kichwani. Orodha ikaja: laini yake, na chini yake laini nyingine tatu tusizozijua hata kwa ndoto. Mimi jasho likanitoka. Yeye akalamba kidole, akafunua daftari mpaka ukurasa wenye doa la mafuta ya taa. Hapo, kati ya nyanya na nauli, ameandika kwa kalamu nyekundu: kurudisha laini, simu ilidondokea ndoo ya maji, kijana wa mwavuli karibu na stendi, fulana ya kijani, kidole mara nne, anasema mashine haisomi.

Kidole mara nne, laini nne.

Afisa akalivuta lile daftari karibu, akalisoma, akaomba kulipiga picha. Ndipo akatufafanulia. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Tapeli hawezi tena kutumia laini isiyo na mwenyewe, kwa hiyo anatafuta kidole cha mtu mwema. Mmoja anasajili, mwingine ananunua laini zilizokwisha kusajiliwa, mwingine anatuma ujumbe, mwingine anakwenda kutoa hela kwa wakala. Kila mmoja anajua kipande chake tu, na wote wanajificha nyuma ya jina la mama aliyetoka sokoni na nyanya zake. Hilo, ndugu yangu, ni genge kamili, na kumbe tulikuwa ndani yake tukilala na kuamka.

Maelezo yakaandikwa, laini zile tukaenda kuzikana kwenye duka la mtandao husika, nasi tukaachiwa turudi nyumbani. Ila hela ya yule mzee haijarudi, na hilo linaniuma mpaka leo. Yule mzee aliamini kwa sababu aliona jina la mwanamke, jina la heshima. Mke wangu aliomba kuzungumza naye, akamwambia, “Shikamoo baba, jina ni langu, mkono haukuwa wangu.” Siku hizi wanajuliana hali.

Nyumbani nimeshindwa rasmi. Mama Kachero ametangaza ukaguzi wa ukoo mzima. Wajomba wanapanga foleni kwenye kochi langu, simu mkononi, Kachero anasoma tarakimu, na Bi Redio amekutwa na laini mbili za ugenini. Kazi ya kumpeleka akazikane nimepewa mimi, pamoja na kumsikiliza njia nzima. Nakwenda kwa moyo mweupe, maana nimeona uangalifu wa mke wangu ulivyotuokoa.

Nawe usingoje kubishiwa hodi. Piga *106# leo. Ukiombwa kidole mara ya pili, uliza kwa nini, na ukiona mashine “inasumbua” mno, ondoka. Ujumbe wa matapeli upeleke 15040. Halafu mpigie mama mkwe wako naye akague, hata kama mazungumzo yatakula vocha yote.