Jiko Lisilo na Pumzi

Mama mkwe aliuliza tangu msingi unachimbwa: "Baba Salma, moshi mtaupeleka wapi?" Mume wangu akamwonyesha feni mpya, bado imo kwenye boksi. Jiko la uani, lile la mabanzi lililopitisha upepo kila upande, likabomolewa, tukaunganisha jiko la kisasa nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga. Ukuta mmoja ulibanana na wa jirani, kwa hiyo upande huo halikuwekwa dirisha. Dirisha la chumba cha mama, lililokuwa likimwingizia kusi kutoka uani, sasa likawa linafungukia jikoni.

Fundi alielekeza bomba la feni darini, chini ya bati, akachukua chake akaenda. Haukupita muda jipsamu ya sebuleni ikatoka madoa ya manjano. Ukiigusa, vidole vinateleza. Mvuke wote wa kukaanga samaki ulikuwa unalala juu ya vichwa vyetu.

Hilo liliudhi tu. La kutisha lilikuja masika. Mvua ilipopiga, wifi alifunga mlango, akainjika maharage kwenye jiko la mkaa. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, hivyo hakuna aliyeshtuka. Mama akalalamika kichwa, kisha kichefuchefu, na alipojaribu kuinuka kitandani miguu ikamkataa. Tulimbeba hadi barazani, tukamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Ilikuwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Namshukuru Mungu tuliwahi.

Fundi wa pili, mtu mzima, kabla ya kupima lolote aliomba chetezo. Akatia ubani, akafunga mlango, akawasha feni. Moshi ukajizungusha palepale, ukasimama pembeni. Akaufungua mlango kidogo: moshi ukalala, ukanyooka mpaka kwenye feni. "Mama, hewa haina pa kuingilia," aliniambia, "sasa feni ivute nini?"

Kazi ikaanza upya. Bomba la feni likapitishwa ukutani hadi nje kabisa. Dirisha la mama upande wa jikoni likazibwa, likafunguliwa jingine ukuta wa kusi. Matofali ya matundu yakawekwa juu, hewa moto itokee, na mengine chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini, na cheche moja inatosha kuilipua. Mtungi wenyewe ukahamia nje.

Jiko la mkaa halivuki tena kizingiti, mvua inyeshe isinyeshe. Limepigiwa banda uani, nguzo nne na bati, bila kiambaza. Nyavu za mbu kwenye matundu nazisugua mwenyewe kila Ijumaa kwa maji moto na sabuni, maana zikishika mafuta na vumbi hewa haipiti.