Mkalimani wa Ukubwa wa Stempu

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Hongereni sana. Lugha hiyo rasmi imetengewa kijisanduku cha ukubwa wa stempu pembeni mwa runinga, na ukanda wa habari za hivi punde hupita chini yake ukimkata mkalimani mikono kwenye viwiko. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliagiza mkalimani au maandishi kwenye taarifa za habari. Ukubwa haikuutaja, na vituo vikashukuru. Tangazo la sabuni likiingia, hupewa kioo kizima.

Asiyeona naye hakusahauliwa. Tangazo la kazi, lile la “wenye ulemavu wanahimizwa kuomba”, hupigwa picha na kupandishwa mtandaoni, kisha programu inayomsomea skrini humtangazia neno moja tu: “Picha.” Ahimizike basi!

Waheshimiwa wahariri, kupanua kisanduku hakuhitaji kamati wala warsha ya siku tatu Naivasha. Panueni leo, kabla ya taarifa ya saa moja.