Inaingia, Ila Haiongei

Kisangani mashine haifi, inahama mtaa tu. Kadi ya grafiki ninayoizungumzia ni GeForce 9600 GT, ya mwaka 2008. Kabla ya kuangukia mikononi mwa shemeji yangu ilishatumika miaka chungu nzima kwenye chumba cha michezo ya video huko Mangobo, watoto wakilipia dakika zao ili wawe Barcelona. Feni yake ilikuwa imeziba vumbi jekundu, na ndani ya vumbi mna mguu wa mende. Mguu mmoja tu. Mende mwenyewe hatukumwona, na sikuuliza.

Shemeji ana sekretaria Makiso, anachapa kazi za wanafunzi. Majira ya kutetea memware, yaani tasnifu, yakikaribia, vijana wa Chuo Kikuu cha Kisangani hujaa barazani pake, flashi zikining'inia shingoni kama rozari. Ndipo alipoagiza kompyuta mpya Kampala, vipande vipande. Ikaja kwa lori, ikapita Nia-Nia na Bafwasende, ikafika na ubao mama, prosesa, na tope la Ituri kwenye boksi bila malipo ya ziada. Prosesa ilikuwa imepunguzwa bei. Sababu ya punguzo ilikaa mwishoni kabisa mwa jina lake: herufi F. Kwa Intel, prosesa ya F haina grafiki ndani yake, kwa hiyo lile tundu la HDMI nyuma ya ubao ni pambo. Kadi ikatafutwa, na iliyopatikana ni ile ya Mangobo.

Fundi wetu tunamwita Injinia, maana huku mtu mwenye bisibisi tatu huwezi kumwita jina jingine ukasalimika. Aliisugua kadi kwa mswaki, akaomba kifutio cha penseli kwa mtoto wa jirani, akayafuta meno ya dhahabu ya kadi moja moja mpaka yakang'aa. Akaipachika. Ikalia tak.

"Munaona? Tundu ni ile ile tangu 2004!"

Alisema kweli. PCI Express haijabadili umbo la tundu lake tangu mbao za kwanza zilipotoka mwaka huo. Ingekuwa kadi ya AGP, ule mtindo wa 1997, isingeingia kabisa, na sote tungerudi nyumbani mapema. Mimi nawaheshimu wanaokataa mlangoni. Wanaonisumbua ni wale wanaoingia, wakakaa, wakanyamaza.

Feni zikazunguka. Skrini nyeusi. Kwenye ubao ikawaka taa ndogo nyeupe, pembeni yake imeandikwa VGA, yaani ubao unailalamikia kadi.

Mama anayeuza mikate mlangoni akasema ni kebo. Mwanafunzi wa sheria akashauri muuzaji wa Kampala ashtakiwe. Kijana wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, aliyekuwa anangoja nauli yake, akasema yeye aliijua kadi hiyo tangu Mangobo: ni ya kupigapiga kidogo. Injinia akaichomoa, akaificha mgongoni mwake.

Shida ilikuwa lugha. Kadi za enzi hizo zilizoea kuamshwa na BIOS, programu ya kizamani ya kuwashia kompyuta. Ubao mpya unaamka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, nao unataka kadi iwe na programu yake ndogo ya kutoa picha kwa utaratibu huo mpya. Kadi nyingi za kabla ya 2012 hazina. Dawa ipo: kwenye mipangilio ya ubao kuna kitu kinaitwa CSM, ukikiwasha ubao unakubali mambo ya kizamani. Ila mipangilio unaisoma kwenye skrini.

"Kwa hiyo tunahitaji picha ili tupate picha," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa lori.

Picha ya kuazima ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, ndani ya kompyuta ya kwaya ya kanisa moja: GT 1030, kadi changa inayojua UEFI. Mchungaji akakubali, mradi irudi kabla ya mazoezi. Basi kadi ya kanisa ikavuka mto Kongo kwa mtumbwi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mapajani mwa Injinia, ambaye safari nzima hakukohoa.

Ikapachikwa, picha ikaja. CSM ikawashwa, ikahifadhiwa, mzee wa Mangobo akarudishwa mahali pake. Picha! Watu wakapiga makofi, mama wa mikate akatoa miwili ya bure. Injinia akaondoka na mfuko wake kuelekea mtoni.

Umeme ukakatika.

Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko ya Tshopo, kwenye kituo cha miaka ya 1950, na mji umekua sana tangu hapo. Kukatika si habari. Habari ni kwamba uliporudi, skrini ilikuwa nyeusi na taa nyeupe inawaka. Kwenye ubao kuna betri ya duara, CR2032, inayotunza kumbukumbu ya mipangilio, na hii ilikuwa imekufa kabla hata ya kutufikia. Kila umeme ulipoondoka, ubao ulisahau kila kitu na kurudia imani yake ya kiwandani. Tulikuwa na kompyuta nzima kabisa, kwa sharti moja tu: umeme wa Kisangani usikatike.

Betri ilipatikana soko kuu kwa fundi saa, kwa faranga chache. Kadi ya kanisa haikupatikana mpaka Jumapili baada ya ibada, na safari hii mchungaji alikuja nayo mwenyewe, akakaa kuilinda.

Picha iliporudi, shemeji akatoa noti ya dola 20. Injinia akaiinua dirishani. Pembeni ilikuwa na mpasuko mdogo, usiofika hata nusu ya ukucha.

"Hii sokoni hawatapokea, mukubwa."

"Ni dola nzima hiyo!"

"Ni nzima, ndiyo. Lakini hawatapokea."

Mchungaji akaombwa aamue, akasema noti kama hiyo ya sadaka pia waliikataa. Mwanafunzi wa sheria akanyoosha flashi yake katikati yao.

"Ba papa, mukiwa munajadili, naweza kuchapisha? Umeme ungali upo."