Friji ni Nzima, Mbovu ni Mimi

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Naandika kuomba radhi. Miezi saba nimekuwa nikiisingizia friji yenu kwamba haigandishi, kumbe mwenye hitilafu ni mimi.

Aliyenifumbua macho ni fundi wenu. Alifika hapa Kisauni baada ya simu kumi na moja na nambari nne za malalamiko, kila nambari ikiifuta iliyotangulia. Hakufungua hata skrubu moja. Aliigonga friji ubavuni kama mtu anayechagua tikiti sokoni Kongowea, akategea sikio, kisha akauliza tunaifungua mara ngapi kwa siku. Mke wangu, ambaye ndiye aliyenunuliwa friji hiyo auze barafu za ukwaju kwa watoto wa madrasa, akajibu kwamba kila mteja anapobisha hodi. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma. Friji, akatufahamisha, haitaki kufunguliwafunguliwa. Na hili joto, huwa ni la kila siku? Tukakiri kwamba ndiyo, Mombasa Januari ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Akaandika kwenye fomu: "Matumizi mabaya." Nikatia sahihi; kalamu ilikuwa yake, aibu ilikuwa yangu.

Jioni ile ile mkaniletea ujumbe niwape alama, sifuri hadi kumi. Nikawapa mbili. Mkajibu papo hapo, kwa mara ya kwanza, kunishukuru kwa kuwa mteja wenu wa thamani.

Wala elimu hii ya kwamba mbovu ni mteja hamkuianzisha nyinyi. Mwaka 2010 watu walipolalamika kwamba iPhone 4 inapoteza mtandao ikishikwa namna fulani, Steve Jobs mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Apple, alimjibu mteja kwamba aepuke kuishika hivyo. Lakini Apple, wiki chache baadaye, waligawa vifuniko bure. Mimi sijapewa hata tambara la kupangusia maji yanayovuja.

Kuna wachochezi mtaani wananinong'oneza habari za Katiba. Ati Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na fidia pale kasoro inapomtia hasara. Nimewaambia wasome risiti yenu, kule chini, kwa herufi ambazo sisimizi angeomba miwani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Katiba ile ilipitishwa na Wakenya zaidi ya milioni sita; risiti ilipigwa mhuri na karani wenu mmoja. Nani asiyejua ipi nzito?

Kwa hivyo nina ombi. Madhali friji ni nzima na mbovu ni mimi, nichukueni mimi karakanani. Nibadilisheni vipuri, nijazeni gesi, mnirudishe nikiwa mtu asiyesikia joto wala kiu. Friji ibaki nyumbani. Mke wangu ameweka humo unga na sukari, na panya hawajaambulia kitu. Mlango, sina budi kusema haki, unafunga barabara.

Ila fanyeni haraka. Dhamana inakwisha Ijumaa, na fundi wenu ameahidi kurudi Jumatatu.

Mteja wenu wa thamani,
Kisauni, Mombasa