Barua kwa Tabibu wa Pikapu

Tabibu hujibu barua zote bila ya ujira, ilimradi mwandishi aitaje injini yake kwa jina lake kamili na asitaje, walau katika aya ya kwanza, jina la jirani anayemshuku kuwa amemroga.

*Bwana Tabibu, baada ya salamu. Nina Hilux yenye injini ya 1KD niliyoinunua mkononi mwa mtu hapa Katoro, nami huibebesha mawe ya dhahabu kutoka maduarani hadi kwenye karasha. Nikikanyaga mafuta hukaa kwanza kana kwamba inatafakari, ndipo iende. Nimekwisha badilisha nozeli zote, nikabadilisha na tabo, na sasa fundi aniambia ninunue pampu. Je, ninunue? — Mwenye Subira Inayokwisha.*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimetafuta, wala sikupata, mahali uliposema kwamba kuna mtu aliyelipima gari kabla ya kulifungua. Maadamu nozeli na tabo zimekwisha ondolewa na maradhi yangalipo, ni dhahiri kuwa fedha zako zimetibu viungo vizima; na fundi wako, ambaye simtuhumu hiana, ameanzia kwenye kifaa cha ghali kwa sababu hicho ndicho aghalabu mwenye gari anachokiheshimu.

Yakupasa kwanza uielewe kadhia yenyewe. Katika gari lako akseleta haivuti waya wa chuma: chini ya mguu wako pana sensa yenye njia mbili za umeme, nazo ni mashahidi wawili wanaoieleza kompyuta habari moja, na kompyuta ikiona kuwa ushahidi wao umekhitilafiana, huandika namba P2138, huwasha taa ya injini, na hukunyima nguvu hadi kesi itakapokwisha. Basi fungua swichi bila ya kuwasha injini, uchomeke mashine ya kupimia, ukanyage taratibu mpaka chini huku ukiitazama asilimia inavyopanda. Ikiruka au ikikwama, mgonjwa ni sensa, au plagi yake iliyojaa vumbi, na pampu haihusiki hata kidogo. Ikipanda kwa utulivu kutoka mwanzo hadi mwisho, sensa imetoka katika tuhuma, nasi tuiulize hewa.

Na hewa ya kwenu kiangazi, kwenye njia ya Katoro kwenda Nyarugusu nyuma ya malori, nusu yake ni barabara. Fungua ea klina. Ukiikuta karatasi yake imegeuka rangi ya udongo, nunua nyingine, wala usimruhusu kijana wa matairi kuipuliza kwa kompresa kutoka upande wa nje, kwani hulishindilia vumbi ndani na pengine huitoboa. Kisha pitisha mkono katika mipira ya intakula, kwa maana penye ufa hukusanyika mafuta yaliyochanganyika na vumbi, na ufa huo ndimo inamopotelea ile kazi ya tabo uliyoilipia, gari likikawia na kutoa moshi mweusi.

Ndipo, na si kabla, uje kwenye dizeli. Badilisha chujio, kisha fundi alinganishe shinikizo linaloombwa na kompyuta na lile linalopatikana hasa. Injini hii husukuma dizeli kwa shinikizo linalopita mara 1,000 ya lile la hewa tunayoivuta, na kiasi kinachoingia katika pampu hupimwa na vali ndogo iitwayo SCV, iliyofungwa mwilini mwa pampu yenyewe. Vali hiyo ikianza kukwama, mngurumo hupanda na kushuka gari likiwa limesimama, gari husita ukilikanyaga, na mara nyingine huzimika. Nayo huuzwa peke yake, jambo ambalo si lazima muuza pampu alikumbuke.

*Nina Land Cruiser pikapu ya 1HZ huku Kakola. Nimeuziwa kisanduku cha kuamsha akseleta, nacho hakina pa kuchomekwa. — Mwenye Kisanduku.*

Kirudishe, bwana, na kikikataliwa wape watoto. Hata kwenye gari la kompyuta kisanduku hicho hakizidishi chembe ya nguvu, bali huidanganya kompyuta kuwa mguu umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Na 1HZ yako, inayoendeshwa kwa waya wa chuma unaouvuta mkono wa pampu, haina wa kudanganywa. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage hadi mwisho, nawe inua boneti utazame kama mkono huo wafika kwenye skrubu ya kikomo. Mara nyingi haufiki, ama kwa kulegea waya, ama kwa zulia lililokunjamana chini ya pedali. Ukifika, na machujio yakawa safi, basi kubali kwamba injini hiyo iliundwa bila ya tabo, na kwamba huku kwetu Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, mahali ambapo wepesi wa hewa huipunguzia injini ya namna hiyo takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake za Tanga. Kwa hilo hakuna dawa ila kuhamia Tanga.

*Dereva wangu asema gari limezeeka. Lakini nikilijaza mwenyewe hapa Kahama huenda vyema, na likitoka Masumbwe hurudi linasinzia. — Mama Mwenye Mali.*

Bibi, umekwisha jijibu, ila kwa adabu zako umeliacha jina la mtu bila ya kulitaja. Zamani ningeyashuku mafuta ya taa. Lakini tangu EWURA ilipoanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, hila hiyo imepungua faida. Nashuku kuwa dizeli yako huuzwa njiani, na pengo hujazwa kwa dumu la kando ya barabara, lenye maji na kutu. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, legeza skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, ukinge kwa bilauri ya kioo: maji yatakaa chini, dizeli juu. Mwite dereva aishike bilauri, wala usimwulize neno.

*Nikikanyaga, injini yalia kwa nguvu, gari haliendi, na pananuka kuungua. — Msomaji wa Tinde.*

Hiyo ni klachi, bwana. Akseleta yako ni nzima kabisa.